Alma Avuka Mpaka kwa Upepo

Mama yangu, Alma Vercoutere, ndiye aliyeshona karibu matanga yote yaliyokimbia ufukweni kwetu De Panne, mji wa mwisho wa Ubelgiji kabla ya mpaka wa Ufaransa, tangu nikiwa mtoto mpaka nikawa mtu mzima, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa ndani ya gari la tanga, lile linalosukumwa na upepo mchangani, hata siku moja. Watu wa mbali hudhani ninatania nikisema hivyo. Sitanii. Chumba cha mbele, ambacho kwa majirani kilikuwa na makochi na televisheni, kwetu kilikuwa na meza ndefu na cherehani, na ukitaka kupita kwenda jikoni ulilazimika kwanza kuinua tanga la mtu.

Dereva alikuwa Baba, Firmin. Alishinda mashindano ya Ubelgiji, akashinda ya Ulaya, na picha zake zimetundikwa klabuni kila ukuta mpaka chooni. Mama alishona, alipika supu, alikung'uta mchanga kwenye nguo za Baba. Kila alipodokeza kwamba naye angependa kujaribu, Baba alimjibu, "Mwakani, Alma. Upepo ukitulia kidogo." Upepo wa De Panne hautulii.

Siku hizi matanga yanatoka viwandani, ya kitambaa kigumu kinachokwaruza kama karatasi, na cherehani ya Mama imebaki ya kupunguzia suruali. Basi Jumapili moja ya mwezi wa tatu klabu ikamwandalia Baba karamu ya mchana, kumheshimu kwa nusu karne ya kuendesha. Kulikuwa na nyanya zilizojazwa uduvi, chipsi, na bia isiyoisha. Baba akasimama kutoa shukrani. Aliushukuru upepo. Aliushukuru mchanga. Alimshukuru rafiki yake Wilfried kwa kumwazima tairi kule Ujerumani. Alimshukuru hata marehemu mbwa wetu, Bas, aliyekuwa akilinda magari. Kisha akakaa. Watu wakapiga makofi, na Mama naye akapiga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alikuwa kati yetu, uso umemwiva kwa bia na furaha. Tulipofika kwenye njia ya tramu Mama akasema, bila kumtazama mtu, "Liesbet, wewe si ndiye mwalimu pale klabuni?"

"Ndimi. Kwani hujui, Mama?"

"Najua. Una nafasi lini?"

"Jumanne asubuhi, maji yakishakupwa. Nani anataka kujifunza?"

"Mimi."

Baba akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akasema, "Alma, una miaka sitini na nane!"

"Na wewe una sabini na mbili na goti la chuma. Jumanne, Liesbet. Usije ukampa mtu mwingine nafasi yangu."

Jumanne upepo ulivuma kutoka kaskazini-magharibi, aina tunayoipenda, kwa sababu unakupiga ubavuni ukienda na ukirudi. Bahari ilikuwa imejivuta mbali, ikaacha mchanga mpana, mgumu, wenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Mama alikuja amevaa koti la mvua la zamani la Baba, limemfika magotini, na buti zangu. Wilfried alikuwa mlangoni mwa banda la magari na kikombe chake mkononi. Yeye huwa hapo kila siku. Mkewe husema amemkodisha kwa klabu.

"Shemeji Alma!" akaita. "Umetuletea supu?"

"Supu kapike mwenyewe. Mimi nimekuja kuendesha."

"Kuendesha nini? Toroli?"

"Wewe ngoja hapo hapo na kahawa yako. Nikipita utaona."

Nilimchagulia gari dogo la shule, la magurudumu matatu, lenye tanga la njano. Akalizunguka, akaligusa tanga kwa vidole viwili, akakunja uso kwa jinsi lilivyoshonwa, lakini hakusema kitu. Nikamwonyesha namna ya kuingia na kujilaza, miguu mbele kwenye usukani, kamba mkononi.

"Mbona mnalala kama wagonjwa?" akauliza.

"Ili upepo usikukamate wewe badala ya tanga. Sasa sikiliza, Mama. Kamba ni kama uzi wa cherehani, ukivuta sana..."

"Kushona usinifundishe. Niambie miguu inafanya nini."

Nikamwambia. Nikamwambia pia jambo kubwa kuliko yote: gari likiinua gurudumu, legeza kamba; ukitaka kusimama, geukia upepo. Nikamvalisha helmeti, nikamfungia mkanda kidevuni, nikausukuma mgongo wa kiti. Tanga likajaa kwa kishindo.

Hakwenda mbali. Alipoona kasi inapanda akafanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya mara ya kwanza: aliishikilia kamba kwa nguvu zake zote, kana kwamba ndiyo itakayomwokoa. Gurudumu la upande wa upepo likanyanyuka, likazidi kunyanyuka, na gari likalala ubavu taratibu kwenye dimbwi la maji ya chumvi.

Baba, aliyekuwa amekuja "kutazama hali ya mchanga tu," alikimbia kwa goti lake lile na kumfikia kabla yangu. Kule bandani Wilfried alikuwa akicheka mpaka kahawa inamwagika. Mama aliketi dimbwini, maji yakimtiririka shingoni.

"Umeumia?" Baba akauliza.

"Nimelowa."

"Basi, inatosha. Umejaribu, kila mtu ameona. Twende nyumbani ukabadilishe nguo."

Mama akamtazama. "Firmin, ile siku ulipovunja mlingoti kule Ufaransa, mimi nilikwambia inatosha?"

Baba akaanza kumkamulia maji ya koti.

"Nilikaa usiku kucha nikikushonea tanga jingine. Sasa nyanyua upande huo, mimi nanyanyua huku."

Wakalinyanyua pamoja. Akaingia tena, akajilaza, akavuta kamba kidogo, akailegeza, akaivuta tena. Safari hii sikusukuma mimi. Alisukuma Baba.

Nilikuwa nimeweka mapipa mawili ufukweni, mbali kidogo, wanafunzi wayazunguke. Mama alilizunguka la kwanza kwa mduara mkubwa mno, nusura aingie baharini. Raundi iliyofuata mduara ukapungua. Baada ya raundi kadhaa nikaona bega lake limetulia, kidevu kimeinuka, na mkono wa kamba haukuwa tena mkono wa mtu anayeogopa. Akapita mbele ya banda kwa kasi, mchanga ukiruka nyuma yake, akapiga kelele, "Wilfried! Toroli hilo!"

Alipolifikia pipa la magharibi, la upande wa Ufaransa, hakuligeukia. Alilipita.

"Anakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Labda amesahau," nikasema. Lakini tanga la njano lilikwenda moja kwa moja, likazidi kuwa dogo, likazipita nyumba za mwisho za mji, likaanza kuambaa na matuta ya mchanga. Nikarukia gari langu.

Mimi nafundisha mchezo huu tangu nilipomaliza shule. Gari langu ni jepesi, tanga langu kubwa. Nilidhani nitamfikia kabla matuta hayajaisha. Sikumfikia. Nilimwona mbele yangu tu, alama ya njano inayoyumba kidogo na kunyooka, ikiyakwepa madimbwi, na kila nilipopunguza umbali yeye naye alipata upepo mpya na kuchomoka. Mpaka wenyewe hauna ukuta wala askari; unajua umevuka kwa sababu matuta yanaisha na nyumba zinazofuata zina maandishi ya Kifaransa. Mama aliuvuka mbele ya macho yangu, mkono mmoja hewani, akimpungia sijui nani.

Nilimkuta Bray-Dunes, mji wa kwanza wa Ufaransa. Upepo ulikuwa umekatika ghafla na gari lake limesimama, yeye yuko pembeni, helmeti kwapani, nywele nyeupe zimesimama, anaongea na mzee mmoja Mfaransa aliyekuwa akimtembeza mbwa.

"Huyu bwana ananiuliza nimetoka wapi," akaniambia. "Nimemwambia Ubelgiji, nimekuja na upepo."

"Mama! Umenitisha!"

"Nimekutisha nini? Wewe si ndiye uliyenifundisha?" Kisha uso wake ukabadilika, akaishika kamba ya tanga kwa mikono miwili. "Liesbet, yanaimba."

"Nini kinaimba?"

"Matanga. Miaka yote nimeyashona yakiwa yamelala mezani. Nilijua kila mshono, nikajua yatavimba wapi. Sikujua kwamba yana sauti. Baba yako hakuwahi kuniambia."

Nilitazama bahari, na hapo nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema: maji yalikuwa yamegeuka. Ule mstari mweupe wa povu ulikuwa unatujia, na kwetu mchanga ni tambarare mno, kwa hiyo maji yakianza kujaa hayaji polepole. Juu ya bahari kulikuwa na wingu jeusi linaloleta mvua.

"Tuyaache magari hapa," nikasema. "Tuyavute mpaka juu kwenye nyumba, tumpigie Baba simu aje na gari."

"Wewe ungekuwa peke yako ungefanya hivyo?"

Nilisita, naye akaona.

"Ndivyo nilivyofikiri," akasema, akavaa helmeti. "Wingu hilo lina upepo?"

"Lina upepo mwingi. Mama, mwingi mno kwa mtu wa siku ya kwanza."

"Utakuwa nyuma yangu. Nikikosea, piga kelele."

Mzee Mfaransa alimsukuma yeye, akarudi akanisukuma na mimi, mbwa akibweka kati yetu. Kisha wingu likatufikia. Mvua ilipiga usoni kama changarawe, na magari yakaondoka kama yamepigwa teke.

Njia tuliyokuja nayo haikuwa njia ile tena. Kushoto bahari ilikuwa imekula nusu ya ufuko. Kulia mchanga ulikuwa laini, ukiingia humo gurudumu linazama na safari imekwisha. Kati yake ulibaki ukanda wa mchanga mgumu, na ukanda wenyewe ulizidi kupungua. Chini ya matuta, mahali ambapo maji huingia kwanza, mfereji unaokata njia ulikuwa umeshaanza kujaa. Hapo ni lazima upite kwa kasi. Ukipunguza mwendo kwa woga, maji yanakushika magurudumu, na upepo unakuangusha.

Nilipiga kelele, "Usipunguze! Mama, usipunguze!" Sijui kama alinisikia. Upepo ukampiga kwa nguvu palepale mbele ya mfereji, gurudumu lake likanyanyuka juu kuliko asubuhi. Lakini mkono wake ukatoka, ukaachia kamba kiasi cha kiganja, si zaidi, na gurudumu likashuka kwa utulivu kama mtu anayeketi kitini. Papo hapo akaivuta tena. Akaingia mfereji kwa kasi yote, maji yakapasuka pande mbili juu ya kichwa chake, na kwa muda sikuona kitu ila maji. Kisha tanga la njano likatokea ng'ambo, linakimbia.

Nimewafundisha vijana wenye nguvu, marubani, waendesha baiskeli wa mashindano. Sijaona mwanafunzi wa siku ya kwanza aliyefanya vile. Nililia mle mvuani na sikuona haya, maana huyo alikuwa mama yangu.

Baba alikuwa amekuja kutupokea, amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini, mbele kabisa ya nyumba za mwisho. Alipoliona tanga akatoka majini, akaanza kukimbia kando yake, yeye na goti lake la chuma, akipiga kelele kama mtu wa uwanja wa mpira: "Vuta, Alma! Vuta! Hivyo hivyo! Vuta, mke wangu!" Nyuma yake Wilfried na watu wote wa klabu walikuwa wametoka nje mvuani, bila makoti. Mama aliwapita, akaligeuza gari kuelekea upepo, tanga likapigapiga, likanyamaza. Alisimama hatua chache tu kutoka mlango wa banda.

Baba akafika anahema. "Alma. Ulifika wapi?"

"Ufaransa."

"Ufaransa gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

Baba akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa, akaanza kumfungua mkanda wa helmeti. Mkanda ulikataa kufunguka. "Mimi mara ya kwanza sikufika hata kwenye pipa," akasema kwa sauti ya chini. "Nilingoja kila kitu kitulie ndipo nikupeleke. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa," Mama akasema, akamwegemea begani ili anyanyuke.

Wilfried alileta mwenyewe bakuli la supu ya moto. Alilishika kwa mikono miwili, akampa Mama, na siku hiyo hakuwa na mzaha wowote.

Tangu hapo wao wawili wana magari mawili bandani. Mama anaendesha kila maji yanapokupwa asubuhi, na vuli iliyopita aliingia mashindano ya klabu, akamaliza katikati ya msafara, akawa hasemi na mtu mpaka jioni kwa hasira ya kutoshinda. Baba ndiye anayesema. Amemsimulia mwoka mikate, dereva wa tramu, daktari wa goti. Mwanzoni alisema mkewe alifika Bray-Dunes. Kufikia Pasaka, katika masimulizi yake, Mama alikuwa amefika Dunkirk, mbali zaidi. Nilipokwenda kwao wiki jana nikamkuta mlangoni na mwanamume aliyekuja kusoma mita ya maji, na kwa jinsi alivyokuwa akinyoosha mkono kuelekea magharibi, nadhani sasa Mama yuko karibu na Paris.