Gwaride la Jumamosi kwa Heshima ya Dalali Hapohapo

Kisasi ni kazi ya adabu. Hakifanywi na mtu mwenye njaa. Kwa hiyo nilikula kwanza.

Lakini nianze na kosa lenyewe. Mama yangu ni fundi cherehani. Karo yangu ya bweni hulipwa na mjomba, na mkono wa mjomba ulikuwa umefika mwisho, hivyo mdogo wangu Kitinda ilibidi aanze darasa la kwanza shule ya serikali. Mama alizikagua shule za mji mzima kama anunuavyo kitambaa: anapapasa, anavuta, anageuza upande wa ndani. Akapata moja yenye madawati, vyoo vyenye milango, na mwalimu mkuu anayewajua watoto kwa majina. Ila walipokea watoto wa mtaa ule tu. Basi tuhamie mtaa ule, kwa kodi ya fundi cherehani.

Hapo akaingia dalali tuliyembatiza Hapohapo, maana kwake soko lilikuwa hapo hapo, maji hapo hapo, hata hospitali ukiugua, hapo hapo.

"Na shule, kaka?" Mama aliuliza alipotuonyesha vyumba viwili vyenye bati jipya.

"Shule? Hapo hapo, dada yangu! Si hao wanapita?"

Kweli, wakapita watoto wawili wenye sare za kijani za shule ile, mikoba mgongoni, wakatuamkia. Ilikuwa Jumamosi. Kwetu bwenini, nilikotoka kwa likizo, Jumamosi ni sare na masomo kama kawaida, sikushtuka. Mama naye alikuwa anakagua pindo za sare.

Tukahamia. Jumatatu mwalimu mkuu alitusikiliza kwa upole, kisha akanyoosha kidole dirishani. "Mama, mtaa wetu unaishia kwenye mfereji ule. Nyie mko ng'ambo."

Shule ya huku kwetu ng'ambo, watoto hukaa sakafuni, na mwalimu mmoja husimama mlangoni akifundisha madarasa mawili kwa kugeuza shingo huku na huku. Kitinda alivua gauni la kijani aliloshonewa na Mama, akalikunja vizuri, akaliweka chini ya mto. Hakulia. Afadhali angelia, ningemsamehe dalali nusu.

Mama alimpigia dalali simu. "Mfereji nao ni kitu, dada? Si anaruka tu!" Akacheka, akakata.

Ndipo nikala.

Njia ya mwongo ni fupi. Wale watoto wa sare niliwakuta dukani, na kwa pipi mbili mkubwa wao akanieleza yote: Hapohapo ni baba yao, kwao ni ng'ambo ya mfereji, upande wa shule, na Jumamosi hii watapita tena kwa pipi za baba, kwa sababu vyumba vya jirani yetu vimepata mteja.

Bwenini mimi ni kiranja wa gwaride. Nikawakusanya watoto wote wa mtaani.

"Vipande vyangu vya kijani vinakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Kwenye elimu, Mama."

Jumamosi Hapohapo akaja na muuguzi mmoja na mumewe. "Na shule?" muuguzi akauliza.

"Hapo hapo! Si hao wanapita?"

Wakapita wawili. Kisha kikosi changu kikatokea kona, vitambaa vya kijani shingoni, kushoto, kulia. "Shikamoo Mjomba Hapohapo! Shule iko hapo hapo!" Wakazunguka nyumba, wakapita tena. Na tena.

"Leo si Jumamosi?" muuguzi alisema. "Nyie mnatoka shule gani?"

Kitinda akatoka mstarini na gauni lake. "Shikamoo, mama. Tunatoka nyuma ya nyumba. Mjomba, pipi zetu?"

"Baba," mwanawe mdogo akalalamika, "mbona leo tuko wengi? Zitatosha kweli?"

Muuguzi alicheka. Mumewe hakucheka. Wakaondoka.

"We mtoto, unataka nini?" Hapohapo alifoka.

"Mimi, mzee wangu? Amani tu. Ila Jumamosi ziko nyingi, na likizo yangu ndefu."

Mama akatoka, futi shingoni, mkasi mkononi. "Wanao wanasema una vyumba viwili uani kwako, upande wa shule. Tunavitaka, kwa kodi hii hii."

"Vile ni vya mama mkwe akija kututembelea!"

"Mama mkwe atalala huku kwetu. Mfereji nao ni kitu, kaka? Si anaruka tu."

Siku hizi tunakaa uani kwake, na Kitinda huenda shule ameshikana mikono na watoto wa dalali. Cherehani ya Mama iko chini ya dirisha la chumba anacholala Hapohapo, na huanza kabla ya jogoo. Mimi, nikiwa likizo, huwaamsha wote kwa sufuria na mwiko, kama kengele ya bweni, maana nidhamu haina likizo.

Juzi Hapohapo alikuja kutusihi tuhame. Amepata nyumba, alisema, nzuri, tena nafuu.

"Iko wapi?" Mama akamuuliza.

Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.