Siku ya Tisini kwenye Kiwanda cha Magodoro

Saa moja kasorobo asubuhi mlinzi alitoka na tepu yake, akapima kiwanda cha magodoro, akaandika kwenye ubao wa getini: hatua tano kwa nne. Washonaji waliokuwa kwenye foleni wakaguna. Jana urefu wake ulikuwa hatua sitini.

Kiwanda kilianza kupungua meneja mpya alipofuta stoo. Alisema sponji inayolala stoo ni uvivu; kila kitu kije siku ile ile kinapohitajika. Basi lori likichelewa, kuta zinasogeleana na cherehani za pembeni hazionekani. Lori likija, kuta zinarudi. Ofisi ya meneja haikupungua hata tofali moja. Asubuhi hiyo ilikuwa imekaa juu ya kiwanda kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto mchanga, feni ikizunguka.

Washonaji wote walikuwa vibarua. Anayepata cherehani siku tisini mfululizo anaajiriwa. Akikosa moja, anaanza upya. Meneja aliita mpango huo wepesi wa kubadilika. Yeye mwenyewe hakuwa amebadilisha hata kiti.

"Cherehani moja!" mlinzi akatangaza.

Mbele ya foleni alikuwa Shangazi, aliyeshona pale kwa miaka kumi na mmoja, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Nyuma yake alisimama Mama Pacha, aliyechelewa kidogo kwa sababu pacha mmoja alimtapikia gauni na mwenzake akaona ni wazo zuri. Kwake hii ilikuwa siku ya tisini.

"Ingia wewe," Shangazi akamwambia.

"Na wewe je, umefika ngapi?"

"Niko pazuri tu. Ingia, kabla huyu mpima makaburi hajabadilisha hesabu."

"Nasikia, Shangazi," mlinzi akasema.

"Nimesema ili usikie, baba."

Shangazi alikuwa amefika themanini na sita. Mlinzi alijua, maana orodha ilikuwa mkononi mwake. Akageuka pembeni, akakohoa kwa muda wa kutosha wanawake wawili kubadilishana nafasi.

Mama Pacha aliingia kwa ubavu. Magoti yaligusa ukuta, na kiwiko kilibidi kitoke dirishani kila alipovuta kitambaa. Sponji haikuwepo, kwa hiyo alishona kava moja, akalifumua, akalishona tena. Shangazi alichuchumaa nje siku nzima, ameshika ncha ya kitambaa kisiburuzike kwenye tope.

Jioni meneja alishuka kwa ngazi, akatia sahihi mkataba wa Mama Pacha.

"Mnaona?" akawaambia waliokuwa nje. "Ukijituma, mfumo haukutupi."

Shangazi ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Kesho yake lori lilileta sponji ya wiki mbili. Kiwanda kilivimba hadi barabarani na mlinzi akaishiwa tepu. Kila mtu alipata cherehani, wengine mbili. Shangazi alikaa karibu na Mama Pacha. Msimamizi akapita na daftari.

"Siku ya ngapi, Shangazi?"

"Ya kwanza," akajibu, akilamba uzi ili upite kwenye tundu la sindano.

Mama Pacha akasimamisha cherehani yake, akamtazama.

"Shona, mwanangu," Shangazi akasema. "Lori la kesho hatulijui."