Pengo Katika Mchanga Unaohama

Leodegar aliinamia kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kukigusa. Jicho la kushoto lilishakufa kwa presha ya macho. La kulia, daktari alisema, nalo lilikuwa njiani. Ndiyo maana alikwenda upande wa Ngorongoro kuupiga picha ule mchanga mweusi unaohama, pamoja na nyika yote inayouzunguka, kwa filamu ya picha nyeusi na nyeupe. Rangi zilishamtoroka. Alitaka picha moja ndefu ya kuitazama kila siku mpaka giza liingie, ili aingie nayo humo gizani.

Sasa Zubeda, mwenye studio ya picha pale Mtoni, alikuwa akiviunganisha vipande vya picha hiyo. Cha kwanza kikashikana na cha pili, cha pili na cha tatu. Kisha akajaribu cha nne, kikakataa.

"Mbona umesimama, mwanangu?" Leodegar akauliza.

"Baba Asifiwe, hivi viwili havikutani. Kila picha inatakiwa ibebe kidogo ya mwenzake. Hapa umeruka. Katikati ya kilima hamna kitu."

"Haiwezekani! Niliizungusha kamera taratibu mno."

Mkewe Jovina, aliyekuwa kwenye benchi akimenya chungwa, akaguna. "Ulipiga saa ngapi?"

Hapo akakumbuka. Saa sita mchana simu ililia kumkumbusha sala, kama inavyolia kila siku, naye akaiacha kamera, akapiga magoti kwenye mchanga wa moto kusali Malaika wa Bwana, sala ya adhuhuri. Alisali kwa machozi, akiliombea jicho. Alipoinuka hakujua tena alikuwa ameishia wapi, akakisia.

"Nilisali," alisema.

"Eti?"

"Nilisimama katikati nikasali, Jovina! Namwomba macho, ananinyang'anya na picha!" Ngumi ikatua mezani.

"Usimsingizie Mungu. Kwani Yeye ndiye aliyeshika kamera? Mie ningekuwepo ningekwambia malizia kwanza, malaika atasubiri." Sauti ilitania, lakini kisu kilikuwa kimesimama juu ya chungwa.

"Turudi. Wiki ijayo turudi."

"Ukaone nini, baba?" Jovina akauliza. "Jana umeliamkia shikamoo gauni la mama yangu, liko kwenye kamba."

"Ngojeni," Zubeda akasema haraka. "Pengo nalijaza. Kompyuta itachota mchanga wa huku na wa kule, itashona. Wala hutajua."

Kilima kikakamilika, cheusi, kimepinda kama mwezi mwandamo. Leodegar akapitisha kidole kwenye kioo, kushoto kwenda kulia, akiutafuta mshono. Hakuuona. Akarudia.

"Nionyeshe ulipojaza."

Zubeda akamwonyesha. Bado hakuuona.

"Utoe huo mchanga wa kompyuta."

"Baba, mbona imependeza?"

"Utoe! Nikishapofuka nitakumbuka nini? Nitawaambia watu huu ndio mchanga niliouona, kumbe hata sasa sijui upi wangu na upi wa kompyuta. Nakusihi, mwanangu, utoe sasa hivi, wakati bado naweza kuona unautoa."

Pengo likarudi, jeupe, limekikata kilima vipande viwili.

"Chapa hivyo hivyo," akasema.

Jovina akaweka chungwa chini, akaja nyuma yake, akamshika bega. "Sogea basi, na mie nione."

Leodegar hakusogea. Alikikumbatia kile kioo kwa mikono miwili, jicho moja likiwa wazi bila kupepesa.

"Bado," akasema. "Niache kidogo. Bado."