Kioo Alichokiosha Kabura

Wewe umewahi kupika chai ya watu wawili, ukijua vizuri utainywa peke yako? Kabura wa Tuwan, pale Kitale, alifanya hivyo miaka minane, tangu amzike mume wake Waithaka. Kikombe cha kwanza alikinywa. Cha pili, chenye ua jekundu na mkono uliomeguka, kilipoa mezani mpaka kikashika utando juu, ndipo akaenda kukimwaga kwenye sukuma wiki.

Mwaka wa elfu mbili na sita mjukuu wake Ciru, aliyekuwa akisomea kemia ng'ambo, akaja kwa siku kumi. Kabura akatandika kitanda cha pili, akachinja jogoo. Lakini Ciru alikuja na kazi yake. Juu ya meza ya chai alilaza kipande cha kioo, akakimwagia maji mazito kama uji wa mtoto, akayaacha yakauke.

"Sasa hii ni nini, mama?" Kabura akamuuliza.

"Utando, Shosho," Ciru akamjibu bibi yake. "Wa kuchuja gesi ya mavi ya ng'ombe. Ile gesi ina hewa mbili. Moja inawaka, nyingine inalegeza moto tu. Huu utando nimeutia chaji ndogo ndogo za umeme. Ile hewa mbaya inazipenda, inapenya inatoka. Inayowaka inabaki."

"Ati hewa inapenda!" Kabura akacheka. "Na wewe unapenda nini? Maana sahani ya githeri hujagusa."

Ciru alitabasamu bila kuinua macho kwenye daftari. Jumamosi wangeenda Myanga, upande wa Bungoma, kuujaribu kwa Mwalimu Rispah mwenye mtambo wa gesi. Jumapili angesafiri.

Ijumaa asubuhi Ciru akaenda mjini kutafuta mpira wa kupitisha gesi. Kabura akaona kioo kimeshikwa na kitu kama gundi, akadhani ni mabaki ya kazi. Kwake meza ya mgeni hailali chafu. Akakiosha kwa maji ya uvuguvugu, akakipangusa kwa leso, kikang'aa.

Ciru aliporudi na kuona kioo kitupu, alikaa sakafuni bila kuvua viatu.

"Shosho, ule utando ulikuwa bado haujapikwa! Nyuzi zake hushikana zikipikwa. Kabla ya hapo maji yanauyeyusha kama sukari. Dawa imebaki kidogo. Nitamwaga mwingine, lakini ni siku nne zaidi. Na mwenye bekari alinipa oveni yake leo tu."

Siku nne! Moyo wa Kabura ulicheza, kisha ukaona haya.

"Joto lake ni la namna gani?"

"La keki. Lisipande, lisishuke, saa mbili nzima."

"Basi hiyo niachie."

Keki za harusi ngapi za Tuwan zilikuwa zimetoka kwenye jiko lake? Jumanne, utando mpya ulipokauka, akatia mchanga kwenye sufuria kubwa, akaweka kioo ndani ya sufuria ndogo juu ya mchanga, akafunika. Makaa matano chini, saba juu ya kifuniko. Kila mara alinyunyiza unga kidogo kwenye kifuniko. Ukibadilika rangi kabla hajamaliza sala ya Baba Yetu, aliondoa kaa moja. Ciru alikaa kando yake kwenye kigoda, bila daftari. Hata walipouchovya utando majini ukavimba kidogo tu, bila kuyeyuka, Kabura hakutaka kuinuka.

Jumatano, kule Myanga, Rispah aliwapokea kwa maneno. "Karatasi ichuje hewa? Bana, chujio langu linashindwa na majani ya chai!"

Ciru akabana utando kwenye kikombe cha chuma, akaunga mpira wa gesi iendayo jikoni. Moto uliokuwa ukisinzia ukasimama wima, wa bluu, sufuria ikachemka. Rispah akapiga vigelegele, akatia majani ya chai.

"Nimepata, Shosho," Ciru akasema. "Kesho naenda." Kisha, polepole, "Ile siku ya kioo, hukujua kweli?"

"Sikujua. Lakini uliposema siku nne, nilifurahi. Mungu anisamehe."

Rispah aliwamiminia chai, akaenda kuwaita majirani waje waone. Kabura alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukuniambia tu?" Ciru akauliza.

"Ulikuwa na kazi." Kabura akatazama moto. "Nilitaka ukae, Ciru. Hata bila gesi. Nilitaka mtu wa kunywa kikombe cha pili."