Ulimi wa Dod Farquhar

Dod Farquhar aliiweka beji yake juu ya meza ya Elspeth Mair kabla hata hajavua kofia. Ilikuwa beji ya plastiki, namba kumi na moja, na alikuwa ameivaa kila Jumanne kwa miaka kumi na sita alipokuja kiwandani kuonja biskuti za oti.

"Nimekuja kurudisha hii," alisema. "Tafuteni mwenye ulimi."

"Kaa kwanza, Dod."

"Sikai. Nikikaa utanipa chai, nikinywa chai utanigeuza mawazo."

Elspeth alisukuma kiti kwa mguu. Dod akakaa.

"Wiki iliyopita ulipokuwa Orkney kwa dada yako," alianza, "huyu bwana wenu mpya, Leask, alitupa sahani tatu. Mbili sawa, moja tofauti, kama kawaida yetu. Nikaonja. Nikasukutua, nikala kipande cha tofaa, nikaonja tena. Elspeth, sikuona kitu. Nikachagua ya katikati kama mtu anayecheza bahati nasibu. Tulipomaliza ndipo akatuambia kwamba moja ilikuwa na unga wa machicha."

"Machicha ya wiski?"

"Ya nini tena? Mimi huyu! Nimeunda mapipa miaka arobaini na moja, ukuta kwa ukuta na kiwanda cha wiski. Baba yangu alilisha ng'ombe machicha, na mama alikuwa hataki tuingie jikoni na viatu kwa sababu ya harufu yake. Leo yamo mdomoni mwangu na siyajui. Leask akacheka. 'Mzee wangu,' akaniambia, 'hata ulimi hustaafu.'"

Aliitazama kofia yake. "Kaka yangu Sandy alianza hivyo hivyo. Kwanza pua ilimwacha, halafu majina ya watu. Nina miadi na daktari Jumatatu. Mke wangu Jean bado sijamwambia."

Elspeth hakumpa pole. Hakujua bado kama palikuwa na jambo la kupewa pole. Alichukua beji, akaitia kwenye droo.

"Njoo kesho saa nne asubuhi," alisema. "Usinywe chai wala usivute mtemba kabla."

Ripoti aliikuta asubuhi hiyohiyo aliporudi kazini, imejalidiwa vizuri, tayari kwa majaji wa tuzo ya ubunifu ambao wangefika kesho yake. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba kati ya waonjaji ishirini na wanne, tisa tu ndio waliotambua biskuti yenye unga wa machicha. Chini yake: *Msimamizi wa jopo, E. Mair*, na mstari mtupu wa saini.

Aliusoma ukurasa huo mara mbili. Mtu asiyejua chochote, akiwekewa sahani tatu na kuambiwa achague moja, atapatia mara moja katika tatu. Watu ishirini na wanne wasiojua chochote watapatia nane. Tisa ilikuwa kama nane. Kwa maneno mengine, ripoti ilidai kwamba jopo lake, watu aliowafunza mmoja mmoja, lilikuwa limekisia.

Lakini unga ule aliuunda yeye. Miezi kumi na minne alihangaika nao: kuyapata machicha ya shayiri kutoka kiwanda cha wiski yakiwa bado ya moto, kuyakausha kabla hayajachacha, kuyasaga. Mwezi wa tatu wa mwaka huo aliwaonjesha watu walewale, na ishirini na mmoja walitambua tofauti bila shida. Wengi wao waliipenda. Elspeth aliandika kwamba hii ni biskuti mpya, ipewe jina lake na pakiti yake. Mwezi wa nne akaja Struan Leask, mkuu wa ubunifu, na mpango wa namna nyingine. Unga ungeingia katika pakiti ya zamani, theluthi moja ya oti ingetoka, shayiri ingetajwa nyuma kwa kiasi ambacho sheria inataka, na mbele pangebaki pameandikwa kama siku zote: *Ladha ileile*.

Alimkuta Leask ofisini akila ndizi amesimama.

"Elspeth! Karibu tena nyumbani. Umeshasaini?"

"Mwezi wa tatu walitambua ishirini na mmoja. Umefanya nini wakabaki tisa?"

"Tumesaga laini zaidi. Ndiyo maana kunaitwa ubunifu."

"Dod Farquhar amekosa."

"Dod ana miaka sabini na sita, dada. Hiki ni kiwanda, si makumbusho ya ndimi." Alitupa ganda la ndizi kwenye pipa. "Majaji wanafika saa nne. Nisaidie kwa saini tu, maajabu niachie mimi."

Elspeth alishuka maabara. Palikuwa na kabati moja ambalo Leask hakuwahi kulifungua, kwa sababu halikuwa na kitu cha kuonyesha wageni. Kanuni ya kabati hilo aliiandika Elspeth mwenyewe zamani: kila jaribio, kipande cha kila sampuli kihifadhiwe miezi mitatu. Wahudumu walikuwa wamehifadhi bila kuulizwa. Mifuko mitatu ya Jumanne ile ilikuwepo, yenye namba 417, 539 na 862. Kwa mujibu wa ripoti, yenye machicha ilikuwa 862.

Alipanga glasi tano za maji ya moto. Katika ya kwanza alivunja biskuti ya zamani. Katika ya pili alivunja biskuti mpya kutoka ghalani, iliyookwa kwa unga huohuo uliosagwa laini, maana hakutaka mtu amwambie baadaye kwamba usagaji ndio uliomdanganya. Katika tatu zilizobaki alivunja zile sampuli. Akakoroga, akasubiri dakika kumi. Oti huvimba na kuzama. Makapi ya shayiri huelea, hata yakisagwa namna gani.

Katika glasi ya pili makapi yalielea, madoa ya kahawia mfano wa vumbi la mbao. Katika ya tatu hapakuwa na kitu. Katika ya nne hapakuwa na kitu. Katika ya tano, ile ya 862, hapakuwa na kitu.

Alirudia kwa maji mapya. Jibu likawa lilelile. Aliziosha glasi mwenyewe, akazifuta moja moja. Kudanganya majaji kulikuwa jambo la Leask na majaji wake. Lakini watu ishirini na wanne waliacha chai yao ya asubuhi, wakaketi chini ya taa nyekundu wasione rangi ya wanachokula, wakatafuta kwa uaminifu wote kitu ambacho hakikuwekwa. Kisha wakaambiwa kasoro ni yao.

Kesho yake saa mbili alimweleza Bi Rhoda Geddes, mwenye kiwanda. Bi Rhoda alisikiliza akiwa anafunga vifungo vya koti.

"Tutazungumza wageni wakiondoka," alisema.

"Wakiondoka watakuwa wameondoka na ripoti."

"Elspeth, mbele ya wageni hatuoshi vyombo. Tia saini, Jumatatu tutamshughulikia."

Elspeth hakutia saini. Alikwenda kwenye simu, akapiga namba ishirini na tatu, moja baada ya nyingine.

Majaji walikuwa wawili, na aliyeongea ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Leask aliwapitisha kwenye matanuri, akawaonyesha gunia la machicha, akatania kwamba sasa ng'ombe watalazimika kutafuta kazi nyingine. Walicheka. Kisha mwanamke akafungua ukurasa wa tisa.

"Hapa hapana saini."

"Ni kusahau tu," Leask alisema. "Elspeth alikuwa likizo."

"Sikusahau," Elspeth alisema. "Siwezi kusaini jaribio ambalo halikufanyika. Sahani zote tatu zilikuwa na biskuti ya zamani. Sampuli zipo, nimezipima mara mbili."

Bi Rhoda alitazama dari. Leask alicheka kidogo peke yake, akamgeukia jaji.

"Mama, hii ni hasira ya mtu aliyepitwa. Unga ni wake, anaona tumemnyang'anya mtoto."

"Basi usinisikilize mimi," Elspeth alimwambia jaji. "Panga sahani wewe. Namba andika wewe, na usituonyeshe."

Mwanamke aliivaa miwani yake. Alionekana kulipenda wazo hilo kuliko gunia la machicha. Alipanga, akaandika, akakunja karatasi na kuitia mfukoni. Dod aliketi chini ya taa nyekundu, kofia magotini, na sahani zikapitishwa kwenye kidirisha. Akazivuta karibu.

Alinusa.

"Hii hapa."

"Bado hujaonja, Dod," Elspeth alisema.

"Kanuni ni kanuni." Alionja zote tatu, taratibu, akisukutua kati ya moja na nyingine, kisha akarudi palepale. "Ni hii. Machicha, tena yamekaushwa yangali mabichi. Na hizo mbili haziifikii. Mnaificha ya nini?"

Jaji alikunjua karatasi, akakubali kwa kichwa.

"Mtu mmoja si takwimu," Leask alisema haraka.

"Kweli," alisema Elspeth. "Mmoja si takwimu. Wengine ishirini na watatu wako kantini."

Iliwachukua saa moja na dakika arobaini. Majaji hawakuondoka. Pamoja na Dod, waliotambua walikuwa ishirini na wawili.

Leask alisema basi sahani zilichanganywa Jumanne ile, kosa la kibinadamu. Bi Rhoda alimgeukia Elspeth, akasema kwa sauti ya chini, "Andika hivyo. Zilichanganywa." Elspeth alichukua kalamu, akaandika kwenye ukurasa wa tisa: *Sampuli zote tatu zilikuwa za bechi moja, ya zamani. Matokeo yamefutwa.* Kwa nini, hakuandika, maana hilo hakulipima. Kisha akatia saini. Mwanamke wa miwani akaondoa jina la kiwanda kwenye orodha yake, akasema biskuti ni nzuri sana na ni aibu.

"Umetukosesha tuzo," Bi Rhoda alisema wageni walipotoka. "Nayo hata tungeishinda kwa haki."

"Kwa jina lake na pakiti yake. Ndivyo nilivyoandika mwezi wa tatu," Elspeth alijibu.

Dod alikuwa anamngoja koridoni. Elspeth alimrudishia beji yake.

"Kwa hiyo zote tatu zilikuwa moja?"

"Zote tatu."

Aliigeuzageuza ile beji. "Siku kumi, Elspeth. Kila nikiamka nilikuwa nalitaja jina la Jean kimoyomoyo kabla hajafumbua macho, kuhakikisha bado ninalo." Akaibana beji kifuani. "Leask yuko wapi?"

Elspeth alimwonyesha mlango. Dod alibisha. Hakujibiwa, ingawa kivuli cha mtu kilionekana kwenye kioo. Akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya mlango na kuketi, kofia kichwani.

"Chai?" Elspeth aliuliza.

"Baadaye. Namngoja aniombe radhi."

Kutoka kantini zilisikika buti na fimbo. Mwonjaji namba nne alikuja, na namba kumi na tisa, na dada wawili wengine wa jopo, kila mmoja amebeba kiti chake. Wakavipanga mstari mmoja hadi kwenye ngazi. Elspeth akaenda kuleta cha kwake.