Laptopu Nyeusi ya Miembeni

Jovina Kokuberwa alikuwa mtu wa kushuku. Muleba nzima walilijua hilo, na yeye mwenyewe hakulikana. Akinunua sukari, aliipima tena nyumbani. Akipewa chenji, aliihesabu mbele ya muuzaji, kisha akaihesabu tena nje ya duka, maana huenda muuzaji alimchanganya kwa maneno. Padre akitangaza kwamba Misa ya pili itaanza saa nne, Jovina alimuuliza na katekista. Mdogo wake, Wilbert, alipenda kumtania kwamba siku ya mwisho malaika akipiga tarumbeta, dada yake atataka kwanza kuona kibali.

Kwa hiyo asubuhi aliyoshuka basi Bukoba na kukata mitaa hadi Miembeni, alikuwa amejiandaa. Kwenye mkoba alikuwa na flashi yenye video ya dakika tatu aliyoipiga mwenyewe, na vipaza sauti vya masikioni, ili asije akasikilizishwa sauti ya spika za dukani akadhani ndiyo ya mashine. Shilingi laki sita alikuwa amezigawa mafungu mawili. Moja lilikuwa mkobani, jingine lilikuwa mahali ambapo mwanaume yeyote mwenye adabu hawezi kuulizia.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, ubatizo na misiba. Kamera alikuwa nayo. Mashine ya kukatia na kuunganisha hakuwa nayo, na kwa miaka minne alikuwa akipeleka memori kadi zake kwa Karugendo, fundi wa video hapo hapo Bukoba. Karugendo ndiye mtu pekee chini ya jua ambaye Jovina hakuwahi kumshuku. Alikuwa mzaliwa wa parokia yao. Alikula kwao kama mtoto wa nyumbani. Mama yake Jovina alipofariki, Karugendo alishika jeneza upande wa mbele, akalia hadharani bila kuona haya.

Lakini wiki chache kabla ya msiba huo, Karugendo aliibiwa laptopu. Ndivyo alivyosema, akiwa amejishika kichwa. Na ndani ya laptopu hiyo ndimo ulimokuwa ubatizo wa mtoto wa Wilbert, siku ambayo mama alizunguka uani kutwa nzima akiamuru watu, akicheka, akiita huyu na yule. Jovina alikuwa ameshafuta kadi zake ili akapige harusi ya Jumamosi iliyofuata. Picha za mama zilibaki nyingi, hata ya kitambulisho ilikuwepo. Sauti yake haikubaki mahali popote. Jambo hilo lilimuuma Jovina kuliko alivyoweza kumwambia mtu, na ndilo lililomfanya aape kwamba kazi yake haitalala tena kwenye mashine ya mtu mwingine.

Mwenye duka aliitwa Hussein. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na haraka, na upole wake ulikuwa jambo la kwanza ambalo Jovina hakulipenda.

"Karibu, dada. Unatafuta ya kazi gani?"

"Ya kukata video. Video za shughuli, picha na sauti kidogo. Si sinema."

"Umepanga kutumia kiasi gani?"

"Wewe unauzaje?"

Hussein akatabasamu. Akamsogezea kibakuli cha kahawa za kutafuna, kama afanyavyo mtu aliyefikiwa na mgeni nyumbani. Jovina akasema ahsante, ameshakula. Mfanyabiashara anayekukirimu kabla hujanunua anajua wapi atakuja kukutoza hiyo kahawa.

Jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye laptopu ya rangi ya fedha iliyowekwa mbele kabisa. Ilikuwa nyembamba, safi, na kioo chake kilimwonyesha meno yake mwenyewe. Kikaratasi kilisema laki sita. Ni kama mtu alikuwa amechungulia mkobani na kule kwingine.

"Hiyo ni nzuri kwa barua na mtandao," Hussein akasema. "Kwa video itakuudhi. RAM yake ni GB nne, na imeungwa humo humo, huwezi kuongeza. Ngoja."

Akainama chini ya meza, akatoka na dude jeusi, zito, lililochubuka kingo zote.

"Hii ina GB nane, na nafasi ya kuongeza ipo. Diski yake ni SSD, ile ya kasi. Nakupa kwa laki nne na nusu. Inayobaki nunua diski ya nje ya kutunzia kazi zako, maana mashine yoyote inaweza kufa."

Jovina akamtazama. Amewahi kuona wafanyabiashara wanaodanganya, wanaopunja na wanaolia. Wa kukataa laki moja na nusu iliyokuja kwa miguu yake hajawahi kumwona. Huyu ana lake jambo.

"Nazijaribu zote mbili," akasema.

Akachomeka flashi yake. Ile ya fedha ilicheza video vizuri tu, Jovina akaanza kufurahi. Lakini alipoweka picha juu ya video, na maandishi juu ya picha, ikaganda. Akasubiri. Ikazinduka, ikaganda tena, ikaanza kupata joto kama kikaango. Ile nyeusi alipoipa kazi ile ile, ilikata, ikaunganisha, ikatoa video nzima kabla mtu hajamaliza Salamu Maria kumi. Jovina alijua, maana alizisali.

"Betri yake imechoka," Hussein akasema bila kuulizwa. "Inakaa saa moja na nusu, haizidi. Nakwambia sasa usije ukanilaumu."

Badala ya kumtuliza, maneno hayo yalimwongezea wasiwasi. Anakiri kosa dogo ili kufunika kubwa, Jovina akawaza. Akaigeuza mashine, akasoma namba za chini, akanusa matundu ya feni, akakagua kibodi herufi moja moja. Hapo kwenye kibodi ndipo aliposimama.

Herufi tatu zilikuwa zimefutika kabisa. J, K na L. Herufi A ilikuwa inang'aa kama ya jana, na karani wa Kiswahili hamalizi hata mstari mmoja bila kuigonga A. Huyu aliyekuwa na mashine hii hakuwa mwandishi wa barua. J ni kurudisha video nyuma, K ni kuisimamisha, L ni kuipeleka mbele. Jovina alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Karugendo miaka minne akitazama vidole vitatu vikicheza hapo hapo.

"Kaka Hussein, hii ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya mtu wa hapa hapa mjini."

"Mtu yupi?"

Hussein akakuna kidevu. "Aliniomba nisimtaje."

Haya sasa. Mali ya wizi. Akisha kuilipia, kesho askari wanamgongea mlango Muleba, na huyu mpole hapa atasema hajawahi kumwona. Akaomba radhi, akatoka hadi barazani, akampigia mtu anayemwamini.

"Kaka Karugendo, kasinge, habari za leo? Nipo Bukoba, natafuta laptopu."

"Jovina! Mbona hukuniambia? Ningekusindikiza."

"Nipo Miembeni kwa Hussein. Kuna ya rangi ya fedha, na kuna nyeusi ya zamani. Nichukue ipi?"

Karugendo akasema, haraka haraka, "Chukua ya fedha. Hiyo nyeusi achana nayo kabisa. Bawaba ya kushoto imelegea, itakufia mkononi. Nisikilize mimi, wewe ni mdogo wangu."

"Sawa, kaka. Wakola, ahsante."

Akarudi ndani ameamua. Ataichukua ya fedha, ataivumilia. Akashika kioo cha ile nyeusi ili aifunge, imwondokee machoni. Kikayumba upande mmoja. Bawaba ya kushoto ilikuwa imelegea.

Jovina akabaki ameshika kioo. Hakuwa amemwambia Karugendo habari ya bawaba, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa ameiona.

Alijaribu kumtetea. Alimtetea kwa bidii, pale pale amesimama. Pengine Karugendo aliwahi kupita dukani akaiona. Basi kama aliiona, na ni yake iliyoibiwa, mbona hakupiga kelele? Mtu aliyeibiwa akisikia mali yake iko dukani kwa fulani, anakuja mbio na mjumbe wa mtaa. Hasemi achana nayo. Na huyu ndiye mtu mmoja tu ambaye Jovina hakuwahi kuihesabu chenji yake.

"Nataka kuona karatasi ya mauziano," akasema.

"Dada, nimekwambia aliniomba..."

"Na mimi nakuomba. Kama hakuna karatasi, naenda kumwita mjumbe sasa hivi, aje atuambie kama hii ni mali halali."

Hussein hakukasirika. Alimtazama, akaona kwamba huyu mwanamke atakwenda kweli. Akafungua droo, akatoa faili, akachambua, akaweka karatasi juu ya meza. Ilikuwa na nakala ya kitambulisho, na sura iliyokuwa inamtazama kutoka kwenye nakala hiyo ilikuwa imekula matoke ya mama yake mara zisizo na hesabu. Alexander Karugendo. Saini yake Jovina aliifahamu. Tarehe ilikuwa ya siku nne kabla ya siku aliyokuja kwao Muleba, amejishika kichwa.

"Hakuibiwa," Jovina akasema.

"Nani kasema aliibiwa?" Hussein akashangaa. "Aliniuzia mwenyewe. Alikuwa anatafuta hela ya kununua mpya. Akasema atarudi kuchukua kazi zake zilizomo, nisizifute kwanza. Nikasubiri wiki tatu, hakuja. Nikampigia. Akasema aliona aibu kuwaambia wenyewe kwamba ameiuza na kazi zao ndani, akawaambia zimepotea, na sasa anaona aibu kuanza kueleza upya. Futa zote, akasema."

Jovina akaketi kwenye kiti ambacho hakuwa amekaribishwa.

"Ukafuta?"

"Mashine niliisafisha. Siwezi kuuza mashine yenye mambo ya watu." Hussein alizungumza taratibu, kama anayetafuta namna ya kujieleza. "Lakini nilizifungua kwanza. Nikaona maharusi, watoto wanabatizwa, vizee vinacheza. Nikaona na msiba mmoja, watu wanalia sana. Hao hawakunikosea kitu, dada. Nilishindwa. Nikaziweka zote kwenye diski ya pembeni, nikasema iko siku atatokea mwenye nazo."

Akaenda nyuma ya pazia. Jovina akasikia maboksi yakihamishwa. Alikuwa anaogopa kutumaini. Huenda yote ni maneno ya biashara, huenda diski ni tupu, huenda atamwambia kwanza aongeze hela. Mkono wake ulikwenda kwenye kibakuli, ukachukua kahawa moja, akaitafuna bila kujua anafanya nini.

Hussein akarudi na diski, akaichomeka kwenye ile nyeusi. Majina yakajipanga, mengi, ya watu wasiojulikana na wanaojulikana. Jovina alishuka nayo moja moja kwa kidole. Harusi Kemondo. Jubilei. Kipaimara. Halafu akaona: Ubatizo Muleba.

Akavaa vipaza sauti vyake vya masikioni, kisha akavivua. Hakutaka kusikia peke yake.

Video ikaanza katikati ya mambo. Ua wa nyumbani, migomba, moshi wa jikoni, watoto wakipita na sahani. Kamera ilikuwa imeshikwa na Jovina mwenyewe. Karugendo alionekana pembeni, amechuchumaa na kamera ya pili, anampiga video mtoto aliyebatizwa. Halafu mama akatokea mlangoni, khanga imefungwa kifuani, mwiko mkononi.

"Mawe! Mama!" Jovina akasema, akaziba mdomo.

Aliitazama yote hadi mwisho. Alilia, na hakujali kwamba muuzaji anamwona analia kabla ya kupatana bei. Hussein alijifanya anafuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Hapo simu ya Jovina ikaita. Karugendo.

"Jovina, umeshaichukua ile ya fedha?"

Jovina akagonga J, video ikarudi nyuma hadi mama aliporudi ndani ya mlango. Akaongeza sauti hadi mwisho, akaiweka simu karibu na spika, akagonga L.

"Karugendo!" mama akaita, kwa ile sauti iliyokuwa inavuka shamba zima. "Iwe, wewe Karugendo! Weka chini hicho kidude uje ule. Chakula chako nimekutengea mwenyewe, cha kwanza kabisa. Nani kakwambia mtoto anakaa na njaa kwangu?"

Simu haikukatwa, pumzi za Karugendo zilisikika. Jovina akagonga K. Halafu akairudisha nyuma, akaicheza tena.