Sikio la Mkwe

Kwa wiki tano Dunstan alikuwa akikohoa katika nyumba yake mwenyewe. Alikohoa kabla ya kuingia jikoni, alikohoa juu ya ngazi, alikohoa mlangoni pa choo. Hakuwa na mafua. Mama wa mkewe alikuwa amekuja kutoka Bunyore, magharibi mwa Kenya, na kwao mume wa binti na mama wa binti hawagusani, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Kijijini jambo hilo ni jepesi, maana kuna boma zima la kukimbilia na shamba la mahindi la kujifichia. Hapa Lanham, Marekani, walikuwa na nyumba nyembamba iliyobanwa na za majirani pande zote mbili, ngazi moja tu, na mlango wa mbele uliofungukia moja kwa moja kwenye kochi alilolipenda Mama.

Basi Dunstan akahamia chini, kwenye chumba cha mashine ya kufulia. Huko alikula, huko alitazama mpira, huko alisoma gazeti. Chakula kililetwa na Wayne, mwanawe wa miaka tisa, ambaye pia alibeba ujumbe, kwa kuwa wakwe hawa hawakusemezana ana kwa ana.

"Dad, Nyanya anasema leo hujakohoa vizuri."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema pia usikohoe kama mtu mgonjwa. Inam-scare."

Dunstan hakulalamika. Edah, mkewe, alikuwa amewaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa kwa miaka sita huku akisomea uuguzi, na mtihani wake wa leseni ulikuwa tarehe ishirini Januari. Mama alikuja kwa jambo hilo moja: kukaa na Cheryl, kitinda mimba wa miaka minne, ili Edah apate kusoma. Mama akiondoka kabla ya siku hiyo, mtihani umekwenda na maji. Kwa hiyo Dunstan alikuwa tayari kukohoa mpaka mapafu yatoke.

Siku ya pili ya Krismasi, mwaka wa 1998, Edah alifunga vitabu akasema watoto hawawezi kumaliza likizo yote wakitazama ukuta. Wangekwenda kwenye bustani ya michezo, ile kubwa iliyowashwa taa za sikukuu, mwendo wa nusu saa kwa gari.

Mama alipewa kiti cha nyuma kabisa. Dunstan alikuwa amekigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, asije akakutana na macho ya mkwe, na kwenye ile barabara kuu izungukayo jiji la Washington aliendesha kwa vioo vya pembeni na maombi. Malori yalimpita yakipiga honi. Cheryl aliuliza mara nne kama wamefika.

Bustani ilikuwa imepambwa hadi mapipa ya taka. Miti ilivishwa taa, theluji ya pamba ilitandazwa juu ya mabanda kwa kuwa ya kweli haikuja, na hewa ilinuka sukari iliyoungua. Mama alitembea mbele na binti yake, amevaa koti la zambarau la Edah lililogoma kufunga vifungo, soksi pea tatu, na kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa. Dunstan aliwafuata hatua kumi nyuma, kama mlinzi asiyelipwa.

Ndipo Mama alipoona reli.

"Hii ni treni," akasema, akasimama.

"Mama, hii si treni ya kwenda mahali," Edah akamwambia. "Inapanda juu, inaporomoka, inarudi hapa hapa."

"Hata ile ya Kisumu ilikuwa ikirudi."

"Mama, watu wanapiga kelele huko juu. Huwasikii?"

"Ni wazungu. Hata kwa mpira wanapiga kelele." Mama akajipanga kwenye foleni. Alipokuwa msichana alikuwa amepanda treni mara moja tu, kwenda Nairobi, na tangu hapo hakuna gari lingine lililomridhisha.

Mpango ulikuwa mzuri. Edah angekaa na Mama, Dunstan angekaa na Cheryl, naye Wayne angekaa mbele kabisa. Lakini mlangoni kulikuwa na pengwini wa mbao, na kila mtoto alipaswa kumfikia mabega. Cheryl alimfikia tumbo. Akaangua kilio, akamng'ang'ania mama yake, na Edah akalazimika kutoka naye. Wayne alikuwa amekwisha kukimbilia mbele. Mama naye alikuwa amekwisha kukaa, mkoba juu ya mapaja, akingoja kondakta.

Mwanamke aliyesimamia foleni, mwenye kofia ya kengele, akamwonyesha Dunstan nafasi iliyobaki.

"Siwezi kukaa pale," Dunstan akamwambia kwa Kiingereza chake bora zaidi. "Yule ni mama mkwe wangu."

Mwanamke akacheka mpaka kengele zikalia. Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akampiga Dunstan bega na kumwambia kuwa hata yeye angemkimbia mama mkwe wake. Katika nchi ile mama mkwe ni kichekesho, na Dunstan, bila kutaka, alikuwa ametoa kichekesho cha mwaka.

"Kaa au toka, bwana," mwanamke akasema, akijifuta macho. "Treni inaondoka."

Angeweza kutoka. Alikwisha kugeuza mguu. Lakini akaona kwa pembe ya jicho kwamba Mama ameinua uso na kuifuata ile reli kwa macho, inavyopanda, inavyopanda, mpaka inapotelea gizani juu ya taa. Akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Mtu hawezi kumwacha mama wa mkewe aende angani peke yake.

Akakaa ukingoni kabisa mwa kiti, nusu ya tako nje. Chuma cha kuzuia abiria kikashuka, kikawafunga wote wawili pamoja. Dunstan akafumba macho, akainua mkono wa upande wa Mama juu hewani, usije ukagusa hata koti.

Walipopanda, Mama aliimba wimbo wa kanisani. Walipofika juu aliacha kuimba, akaomba. Walipoporomoka aliacha Mungu, akaanza kuwaita marehemu kwa majina, mmoja mmoja. Dunstan alikuwa anamsikia shangazi wa tatu akiitwa pale alipohisi vidole vitano vimeshika sikio lake na kulivuta, kama mtu anayechuma kabichi.

Sikio halikuachiwa mpaka treni iliposimama.

Mama alishuka bila kumtazama mtu. Akaenda kuketi kwenye benchi, akafunga upya kitambaa kilichokuwa kimeangukia shingoni.

"Edah."

"Naam, Mama."

"Mpigie mjomba wako Leonard kule Gaithersburg. Aje anichukue leo."

"Mama, na mtihani?"

"Nimegusana na mkwe. Kichwa changu kimekaa wazi mbele ya mkwe. Nitalalaje chini ya paa lake? Mimi niliyemtoza dada yangu wa damu kuku wawili kwa sababu alimpa mkwe wake mkono."

"Lakini Gaithersburg ni saa nzima. Nimlete Cheryl huko kila asubuhi, halafu niende kazini, halafu nimfuate?" Edah akamkung'uta Cheryl theluji ya pamba kwenye nywele. "Basi, Mama. Nitauacha mtihani. Nitaufanya mwaka mwingine."

Alisema kwa sauti ya chini sana, na hiyo ndiyo iliyomchoma Dunstan aliyesimama nyuma ya mti wa plastiki. Sikio lilimwaka moto. Alijua kuwa hakumgusa mtu. Lakini mkwe anaanzaje kumwambia mama wa mkewe, "Wewe ndiwe uliyenivuta sikio"? Hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko kugusana.

Cheryl, aliyekuwa amezurura kidogo, akarudi mbio. "Nyanya yuko kwa TV."

Karibu na njia ya kutokea palikuwa na kibanda kilichouza picha. Kamera iliyofichwa ilikuwa imempiga kila abiria kwenye mporomoko, na sasa nyuso zilionekana kwenye skrini. Watu walikuwa wamejaa wakizicheka. Picha namba kumi na nne ndiyo iliyochekwa zaidi. Mama akajisogeza, akavaa miwani.

Muuzaji alikuwa Mmarekani mweusi wa makamo, mwenye kibandiko cha jina kifuani: Hodari. Aliposikia Edah na mama yake wakisemezana, akanyooka kama askari.

"Shikamoo, mama. Karibuni mtazame picha zenu."

Mama alimtazama huyu mtu na kofia yake ya Krismasi. Shikamoo alikuwa ameisikia mara ya mwisho shuleni. "Marahaba," akajibu polepole. "Wewe ni wa wapi?"

"Ni wa hapa hapa Washington, mama. Nimejifunza Kiswahili miaka kumi na miwili, darasa la jioni, kule Columbia Heights."

"Basi niambie wewe usiye wa ukoo. Unaona nini hapo?"

Hodari akaichunguza picha kwa makini, kama mtu aliyepewa mtihani. "Ninaona bwana aliyefumba macho. Mkono wake uko juu, mbali nawe, kama anayeokoka. Uso ameugeuzia upande wa pili. Yeye hajakugusa, mama. Wewe ndiwe uliyemshika sikio."

Edah akaziba mdomo kwa kofia ya Cheryl. Dunstan akautazama mti wa plastiki kwa bidii. Hakuna mtu wa familia hiyo ambaye angeweza kutamka maneno yale akaishi.

"Amefumba kabisa?" Mama akauliza.

"Kabisa."

"Muulize kama aliona kichwa changu."

Hodari akamgeukia Dunstan. "Ndugu, uliona kichwa cha mama?"

"Mwambie sikuona kitu chochote," Dunstan akasema. "Hata hiyo bustani sikuiona." Na ilikuwa kweli. Kama alifumba kwa heshima au kwa woga, hakuna aliyeuliza, na yeye hakujisumbua kueleza.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Picha haikubadilika.

"Kosa ni langu," akasema hatimaye. "Nalipa."

Kuku hawakuwepo pale bustanini. Palikuwepo banda lililochoma mapaja ya bata mzinga, kila moja kubwa kama rungu. Mama alinunua paja moja mwenyewe kwa kuonyesha kidole, akalileta kwa mikono miwili, akamkabidhi mkwe wake. Hodari, kwa kuwa alikuwa shahidi, akapewa kipande, akala akiwa amesimama wima.

"Haya, nimelipa na tumekula pamoja. Mwiko umekwisha," Mama akasema, akilamba kidole. "Leonard asipigiwe. Na mambo ya kukohoakohoa yaishe, yananiumiza kichwa." Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akamgeukia Dunstan moja kwa moja. "Baba Wayne."

"Naam, Mama."

"Kwa nini taka hutolewa jioni na si asubuhi? Na ule moto wa kupasha nyumba unaupunguza kila usiku, unataka tufe? Na hiyo soksi uliyoiacha kwa ngazi tangu Jumanne, ni ya nani?"

Kumbe wiki tano za maneno ya Mama zilikuwa zimengoja nyuma ya kikohozi cha Dunstan.

Walipofika kwenye gari, Edah akamminya Dunstan mkono. Mama alipanda akakaa kiti cha katikati. Dunstan akawasha injini, akafikiri kidogo, kisha akakishusha kioo cha ndani kutoka kwenye dari. Kikajaa macho mawili makubwa, makavu, yaliyokuwa yakimngoja.

"Sasa tazama barabara, Baba Wayne," Mama akasema. "Wakati wa kuja uliendesha vibaya sana."